Marehemu Kondo Anawasalimu

Mwembesongo, Morogoro Mjini
3 Februari 2025

Kwa mtani wangu Kondo,

Salaam nyingi kutoka huku bondeni kwenye joto. Shikamoo sikupi. Miezi miwili uliyonitangulia kuzaliwa haitoshi, na hata hiyo miwili nina mashaka nayo. Habari za Kinole? Mdalasini unaendeleaje? Mimi mzima, jasho tu. Dada yako Mwaisha wa Turiani umepata habari zake siku hizi, au bado mmenuniana?

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti ya juu, na siri akiambiwa Kondo saa tatu, saa nne iko Tegetero. Barua hii anakuletea Hashimu wa bodaboda. Isome peke yako, kisha iweke chini ya godoro.

Jambo lenyewe ni hili. Goti langu ni zima. Halijawahi kuuma. Ile Oktoba nilipoaga kijiji kizima nikichechemea, nilikuwa nakuja chuo. Nasoma cheti cha mwaka mmoja: sanaa, usanifu wa picha, habari na biashara, vyote kwa pamoja, kama pilau. Anayejua ni mke wangu tu, Mama Salehe. Nikishindwa mtihani wa Julai, narudi zangu goti limepona na hakuna wa kunicheka. Sasa unajua na wewe, kwa hiyo cheka mapema umalize.

Utauliza kisa ni nini. Unamkumbuka yule tajiri wa mjini anayenunua mdalasini wetu kwa gunia? Mwaka jana niliukuta dukani huku, umefungwa kwenye vipakiti, na juu yake wamechora mlima wenye theluji. Theluji, Kondo. Mdalasini wa Kinole. Nilisimama pale dukani mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa. Nikasema basi, nitajifunza kuuchora mlima wetu mwenyewe.

Darasani wa kwanza kwa umri ni mimi. Anayenifuata ana miaka ishirini na tatu. Siku ya kwanza nilipoingia wote walisimama, "Shikamoo mwalimu." Nikawaambia kaeni, wakakaa, wakafungua madaftari. Nilikuwa karibu nianze kufundisha.

Wako kwa utani na kwa damu,
Yunusi


Kinole
19 Februari 2025

Ewe Yunusi mwenye goti,

Waalaikum salaam. Barua imefika ikiwa na doa la ndizi mbivu, kwa hiyo nimejua Hashimu aliiweka wapi. Huku wazima. Mbuzi wako mmoja amezaa, mwingine ametoroka, nadhani naye kajiandikisha chuo.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Wewe ndiye uliyechora ng'ombe darasa la nne, mwalimu akauliza hii meza ni ya nani. Leo unasomea kuchora. Wanaokufundisha wana subira, waombee.

Siri nimeitunza vizuri kuliko unavyostahili. Ijumaa msikitini walinihoji habari za goti. Nikawaambia limefunguliwa, wamekuta maji, wanasubiri yakauke. Wakakusomea dua ndefu. Sijui hiyo dua itatua kwenye goti la nani.

Za Mwaisha sina. Tangu nilipoukata ule mfenesi wa mama unajua mwenyewe. Miaka sita sasa. Aliniambia uwanja ule ni wa upande wa mama, na mama akiondoka mwenye sauti ni yeye, na mimi nimechukua shoka bila hata kumpigia simu. Nilitaka kujenga choo. Choo nimekijenga, kizuri, cha bati jipya, na yeye hajakiona. Basi, tuyaache hayo.

Tangu mke wangu atangulie mbele za haki nyumba ina mtu mmoja na redio moja, na redio nayo betri zake hazikai. Kwa hiyo andika mara kwa mara. Siyo kwamba nimekukumbuka. Nataka tu kucheka.

Kaka yako kwa miezi miwili kamili,
Kondo


Mwembesongo
5 Mei 2025

Mtani wangu mpendwa, mtani wangu wa pekee,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya. Narudia, mzima wa afya. Mfungo ulikwenda salama, Idi tulikula na wanafunzi wenzangu, wali na kuku mmoja watu kumi na wanne. Samahani kwa kuchelewa. Masika haya Hashimu anasema pikipiki yake ilizama Mkuyuni mpaka taa.

Masomo yananoga. Kwenye biashara mwalimu aliniuliza mteja wangu ni nani. Nikasema anayenunua. Darasa lilicheka, yeye akaandika ubaoni akasema hilo ndilo jibu fupi zaidi alilowahi kupata. Kwenye usanifu nimeshazoea mausi ya kompyuta. Mwanzoni nilikuwa naishika kama panga, mshale unakimbilia pembeni ya kioo na kujificha huko. Jirani yangu wa dawati, binti mmoja anaitwa Faraja, ndiye aliyekuwa ananitafutia.

Lakini ninakong'ara ni kwenye habari. Mwalimu Nasra, ambaye ni rika la mwanangu, anatufundisha kutoa sauti ya redio. Inatoka tumboni, siyo kooni. Yangu ikitoka inatikisa madirisha. Tunafanya mazoezi ya hali ya hewa, mpira, matangazo ya biashara, na, eeh, matangazo ya vifo. Kwenye hayo ya mwisho nimeshika namba moja.

Sasa naomba nikuulize vitu vidogo, usijali. Jumamosi iliyopita ulikuwepo nyumbani? Kuna watu wowote walipita? Vikombe unavyo vya kutosha? Na kama umesikia habari yoyote inayokuhusu wewe mwenyewe, usiiamini moja kwa moja.

Nauliza tu.

Yunusi


Kinole
9 Mei 2025

Yunusi,

Salamu zitakuja mwisho zikibaki.

Alhamisi ile nilishuka Mkuyuni na mananasi, nikalala siku mbili kwa sababu ya mvua. Jumamosi adhuhuri napanda kwa njia ya nyuma, naona kwangu kuna turubai. Moshi, masufuria, watu wamekaa kwenye mikeka. Nikasema jamani, msiba umemwangukia nani, na uwanja wangu wamekosa hata wa kumwomba. Nikatua tenga langu. Nyuma ya choo nikamkuta mzee Dominiko, yule fundi wa kigangoni, anapasua kuni, kanipa mgongo. Kulikuwa na shoka jingine. Nikalichukua, nikaanza kumsaidia.

"Pole na msiba," nikamwambia.

"Tumeshapoa. Huo mbichi huo, anza na wa pembeni."

"Kwani nani amefariki?"

"Kondo."

"Kondo yupi?"

"Huyu huyu, mchoyo wa mananasi. Alishuka Mkuyuni juzi, ndiko alikofia."

Nikapasua magogo matatu, Yunusi, nikiwaza ni Kondo gani mwingine wa Kinole mwenye sifa hiyo. La nne nikamuuliza wanazika lini. Akageuka anijibu. Mzee yule ana miaka sabini na moja na mguu wa kushoto haukunji, lakini nakwambia nilimwona anaruka ukuta wa choo changu kama swala.

Nikatokea mbele kuwatuliza watu, nao wakapiga kelele, nami kwa kuwaogopa nikapiga kelele. Waliokuja kutoka Turiani walikuwa kumi na saba, wamekodi gari zima. Kuna mgeni mmoja, simtaji, alikuwa amelia tangu huko bila kupumzika. Akanitazama kutoka juu mpaka chini. Akanizaba kofi, kisha akakaa chini papo hapo kwenye tope. Shavu mpaka leo linanikumbusha.

Nikaletewa simu nisikilize hilo tangazo. Sauti nzito, inatikisa madirisha. Sikuitambua hata kidogo, nakuvulia kofia. Ila mwisho pale inasema marehemu ameacha binamu yake mkubwa, Yunusi bin Salehe, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miezi miwili.

Vikombe havikutosha.

Kondo


Mwembesongo
14 Mei 2025

Kaka yangu Kondo,

Umeona nimekuita kaka. Na shikamoo. Shikamoo tena.

Habari za nyumbani? Wote wazima, najua, na wewe zaidi ya wote.

Ilikuwa hivi. Mwalimu Nasra alitupa zoezi la kutangaza kifo na akasisitiza majina yawe ya kubuni. Mimi nikajaribu kumbuni marehemu, nikashindwa. Kila nikimbuni namwonea huruma, sauti inakatika. Nikahitaji mtu ambaye nikimtaja amekufa moyo wangu utacheka. Kwa mila zetu ni nani huyo kama siyo mtani? Wewe si ulilala kwenye jeneza la baba yangu kabla hajawekwa, ukakataa kutoka mpaka upewe kuku? Nikaona nimo ndani ya haki zangu. Faraja akanirekodi, akapenda, akaiweka kwenye stetasi yake kwa sifa tu, kwamba sikilizeni mzee wa darasani kwetu. Shangazi yake anakaa Mtibwa, pale jirani na Turiani. Yeye aliposikia Kinole akamkumbuka jirani mwenye kaka Kinole. Yaliyobaki unayajua, uliyapasulia kuni.

Sasa sikiliza, maana hapa utani umekwisha. Habari imefika kwa mkuu wa chuo. Mimi nimesimama nikamweleza habari za utani, za binamu, za jeneza. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mzee Yunusi, utani wenu hauna muhuri." Tarehe 17 Juni nakaa mbele ya kamati ya nidhamu. Bila maandishi ya aliyekosewa, yenye muhuri wa mwenyekiti wa kijiji, kwamba yuko hai na amesamehe, wananifuta chuo wiki tatu kabla ya mtihani. Miezi minane ya mausi, Kondo. Na mlima utabaki na theluji yake.

Nakuomba karatasi moja. Mistari miwili inatosha.

Mdogo wako (ndiyo, mdogo),
Yunusi


Kinole
28 Mei 2025

Kwa msomi,

Waalaikum salaam. Huku mvua inaelekea kukatika, magome ya mdalasini yanatoka vizuri, tunamenya kila siku. Nimesema tunamenya. Yule mgeni bado yupo. Alisema anabaki mpaka matanga yaishe, nikamwambia matanga ya nani, akasema hayo hayamhusu marehemu. Anatia nazi kwenye kila kitu. Sufuria zangu amezihamisha zote, usiku natafuta kikombe kama mwizi. Choo amekiona. Amesema bati limepigwa upande.

Kuhusu karatasi yako. Mimi ni marehemu, na marehemu hasaini. Mwenyekiti nilimfuata akaniuliza nimekuja kama nani. Kwa hiyo kuna faini ya utani kwanza, kama mila zinavyotaka. Jogoo sitaki, ninao. Nataka mchoro.

Unaukumbuka ule mfenesi wa mama? Picha yake hakuna hata moja, nimetafuta mpaka kwenye sanduku la harusi. Wewe ulikuwa unapanda kuiba. Wewe ndiye unayejua matawi yake, maana uliyavunja. Uchore kwenye hiyo kompyuta yako, mkubwa, wa kutundika ukutani. Usiniulize ni wa nini. Na usiuchore kama yule ng'ombe.

Mchoro ukifika ndipo nitaangalia kama nimefufuka.

Kondo


Mwembesongo
8 Juni 2025

Mtani,

Salamu kwako na kwa mgeni. Sitaki kujua ni nani. Mwambie tu Yunusi anamsalimia, na kwamba watu wa Turiani siku zote wanajua nazi.

Mchoro huu hapa, umeviringishwa ndani ya bomba la plastiki, nimemwambia Hashimu akiutia kwenye ndizi sitampandia pikipiki tena. Nimekaa nao siku tisa. Mausi iliniumiza kiganja, kwa hiyo kwanza nikachora kwa penseli, nikiwa nimefumba macho, nikiupanda tena kwa miguu ya utoto. Hapa pana kile kibonge cha tawi nilichokalia mama yako akiwa chini na fimbo. Hapa pana fenesi lile kubwa lililokuwa linagusa ardhi, ambalo kila mwaka mlisema msiliguse na kila mwaka nililigusa. Mwalimu wa usanifu amepita nyuma yangu mara nne. Mara ya tano akaniuliza mti huu uko wapi. Nikamwambia umegeuka choo.

Zimebaki siku tisa. Mistari miwili, Kondo. Hata mmoja.

Yunusi


Mwembesongo
18 Juni 2025

Kwa marehemu,

Salaam aleikum. Nimelala vizuri leo mara ya kwanza tangu Mei, kwa hiyo acha nikuhadithie, maana wewe ulijifanya huna habari.

Jana asubuhi nimeketi mbele ya kamati, watu watano, maji ya chupa mezani. Karatasi kutoka Kinole hakuna. Mkuu wa chuo anasoma mashtaka. Mwalimu Nasra anaangalia viatu vyake, maana yeye alikuwa upande wangu. Nimeshaanza kufikiria nitachechemea kwa mguu upi nikirudi.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Dada yako Mwaisha. Khanga mpya, mwavuli, tenga la mananasi kichwani. Akalitua katikati ya meza, juu ya faili langu.

"Aliyemtangaza kaka yangu ni nani?"

Mkuu wa chuo, kwa adabu, akaninyooshea kalamu. Mwaisha akanitazama.

"Kumbe ndilo hili goti linalosubiri maji yakauke," akasema.

Akatoa karatasi kifuani, imekunjwa mara nne, muhuri wa mwenyekiti umekaa katikati kama jua. Akampa mkuu aisome kwa sauti. Najua uliiandika mwenyewe, lakini nadhani hujawahi kuisikia ikisomwa, kwa hiyo hii hapa. Nimeinakili kwa ruhusa ya kamati.

"Mimi Kondo, mkulima wa Kinole, nathibitisha kuwa niko hai. Nathibitisha pia kuwa Yunusi ni mtani wangu halali na alikuwa na haki ya kuniua. Dada yangu hakukanyaga kwangu miaka sita kwa kosa langu mimi. Nilikuwa nangoja aje, na sikujua namna ya kumwita. Siku aliyosikia nimekufa alikuja. Kama chuo kinafundisha kitu kingine chenye nguvu kuliko hicho, mjulisheni Yunusi akisome na hicho. Faini nimeshalipwa. Mfuteni kosa, siyo chuo."

Mkuu akavua miwani, akaifuta kwa tai yake. Mwalimu Nasra hakuwa anaangalia viatu tena. Mjumbe mmoja akauliza, kwa ajili ya kumbukumbu, kama mama ana lolote la kuongeza.

"Ninalo," akasema Mwaisha. "Nina shemeji zangu wawili Turiani, hawasemeshani tangu mwaka wa gharika. Nataka na wao watangazwe. Nimchukue huyu Yunusi mpaka Turiani, au nimpe majina atangaze hapa hapa?"

Wamenisamehe, Kondo. Adhabu yangu ni kuwafundisha wa mwaka wa kwanza wa stashahada somo la majina ya kubuni. Mananasi waliyala wote kabla kikao hakijafungwa, nikayaonja na mimi. Kweli wewe ni mchoyo. Miaka yote hii ulikuwa unatupa yale madogo.

Mtihani ni Julai. Kipakiti changu cha mdalasini kiko tayari: mlima wetu, mawingu yameukalia kama kilemba, na theluji hakuna hata punje.

Yale uliyoyaandika kwenye karatasi, kwamba ulikuwa unamngoja dada yako, hukuwahi kuniandikia mimi. Nimeyaona. Sisemi kitu.

Yunusi


Kinole
6 Julai 2025

Mtani,

Waalaikum salaam. Kijiji kizima kinakusalimia, wewe na goti lako. Mwaisha alishuka kwenye gari akatangaza kuwa ni zima kwa sauti yake mwenyewe, ambayo haihitaji kufundishwa na Nasra. Msikitini wanasema ile dua uirudishe. Mzee Dominiko bado akiniona anajipiga ishara ya msalaba kwanza, ndipo ananiuliza bei ya nanasi.

Ile karatasi aliniambia niandike Mwaisha. Maneno ni yake. Usiniulize tena.

Mchoro tumeutundika sebuleni tangu juzi. Sasa kuna tatizo la kitaalamu, na wewe ni msomi. Mwaisha anasema mfenesi wa mama uliinamia jikoni, na wewe umeuinamisha njiani. Mimi nasema uliinamia njiani, maana ndiko ulikokuwa unanidondoshea mafenesi. Yeye anasema nilikuwa mtoto, nilikuwa najua nini. Tumeanza tukinywa chai. Adhuhuri tukahamia uwanjani, kila mmoja amesimama anapoona shina lilikuwa, tunanyoosheana vidole. Alasiri alikwenda kuchota maji akarudi na hoja nyingine. Sasa hivi naandika, naye yuko jikoni ananijibu kupitia ukuta, na mimi sijasema kitu.

Miaka sita ndani ya nyumba hii hakuna aliyenipinga.

Amepanda mche mpya nyuma ya choo. Ameuegemezea kijiti uelekee jikoni. Mimi usiku nimeusogeza kidogo.

Anataka ukija uje na kompyuta urekebishe mchoro. Njoo, ufaulu uje, Mama Salehe amekusubiri vya kutosha. Lakini kuhusu mchoro nakuomba kama kaka, kama mtani, kama marehemu wako: mwambie kompyuta imekataa.

Kondo